Swali Linalostahili Kundi
Kuwapa wanafunzi watano hesabu ambayo mmoja wao anaweza kuimaliza peke yake si kazi ya kundi, kwa kuwa wanne waliobaki hunakili tu. Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford alitetea maswali yaliyo wazi, yaani yenye njia nyingi za utatuzi na yanayohitaji vipaji tofauti. Mfano mzuri ni bustani ya mstatili inayopakana na ukuta wa shule, ambayo pande zake tatu zilizobaki huzungushiwa uzio wa mita 24 ili kupata eneo kubwa kabisa: kundi laweza kukimbilia mraba wa mita 8 kila upande, wenye eneo la mita za mraba 64, hadi mmoja achore mstatili wa mita 6 kwa 12 na kupata 72. Ubishi huo, hata silabasi ikimharakisha mwalimu, wastahili kipindi kizima.