Baridi au ya moto?

Nimerudi chuo juzi, mgongo bado unauma kwa basi. Kuna kitu kinanikereketa, ngoja nikiseme kabla tesiti hazijaanza.

Mnajua mchezo wetu bumu likitoka. Tunajaza meza grosari, kila mtu anatoa maksi za bia. Huyu Safari kaipa nane, yule Kilimanjaro kaipa saba, kelele mpaka usiku. Na mimi nimo. Lakini jamani, tunadanganyana! Bia inatoka kwenye friji nusu imeganda, ulimi unakufa ganzi, hapo unaonja nini? Tunasoma lebo tu. Safari ina kilevi asilimia 5.5, Kilimanjaro 4.5, basi huyu "mkali", yule "laini". Kumbe hatujaonja chochote.

Likizo hii nikajaribu kitu nyumbani Kyela. Dada wa baa kaniuliza kama kawaida, "Baridi au ya moto?" Nikasema ya moto. Kwa joto la Kyela! Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Nikaimimina kwenye glasi, nikanusa, nikaiacha mdomoni kidogo ndio nikameza. Harufu ya nafaka ikaja, uchungu ukabaki nyuma ya ulimi. Bia niliyokuwa naipa nane (siitaji, msije mkanipiga) ikashuka mpaka tano. Baridi ilikuwa inaibeba.

Kesho yake nikakaa kwenye kimpumu. Kwa wasiokijua: ulezi unaloweshwa mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa, unapikwa na kuchachushwa. Ule uji mzito unawekwa kwenye chungu, unamiminiwa maji ya moto, watu wanazunguka na mirija. Hapo "ya moto" ni ya moto kweli, hakuna baridi ya kuficha kitu. Kikiwa kibovu unajua kwa pua kabla mrija haujafika mdomoni. Kikiwa kizuri kina uchachu kidogo, harufu ya ulezi, na utamu kwa mbali. Maji yakiongezwa ladha inabadilika, kwa hiyo huwezi kutoa maksi kwa fundo la kwanza. Inabidi ukae. Wazee kule hawasemi neno mpaka maji ya pili.

Sasa niseme la moyoni. Mwaka wa kwanza mliponiuliza nani alinisomesha, nikasema bibi anauza mchele. Mchele wa Kyela una jina, nikaona utanipa heshima. Ukweli ni kwamba bibi anapika kimpumu. Sare, daftari, nauli ya kwenda bodingi, vyote vimetoka kwenye kile chungu. Na siku mlipoziita pombe za kienyeji "uchafu wa washamba" nilicheka pamoja nanyi. Nilicheka kweli. Mpaka leo inaniuma.

Sisemi kila pombe ya kienyeji ni nzuri. Nimeonja nyingine Kyela hiyohiyo nikaitema, ilikuwa siki tupu, na kilichopikwa kwa maji machafu hakistahili hata sifuri. Hata cha bibi wiki moja kilizidi uchachu nikamwambia. Alinijibu, "Haya mjukuu wangu, leo umeonja. Siku zote ulikuwa unakunywa tu."

Hoja yangu ndiyo hiyo. Ukitaka kutoa maksi, mezani pawe na haki: nusa kwanza, ingojee bia ipungue baridi, funika lebo, usihukumu kwa fundo moja. Na kama hujawahi kushika mrija, kuhusu kimpumu nyamaza kwanza.

Bumu lijalo naleta glasi na gazeti la kuzungushia chupa. Tuone nani ataitambua bia yake. Anayebisha aje na hela yake!

Tuonane lekcha.