Kiti cha Regia Mtema kilikuwa cha nani?

Januari 14, 2012, Regia Mtema alifariki kwa ajali ya gari Ruvu, mkoani Pwani. Alikuwa na miaka 31, mbunge wa viti maalum wa CHADEMA na waziri kivuli wa kazi na ajira. Alizikwa Ifakara, wilayani Kilombero. Kiti chake kikaenda kwa Cecilia Paresso wa Karatu, kwa sababu kiti cha namna hiyo ni cha chama: kikibaki wazi, jina hutoka kwenye orodha ya wanawake ya chama na hapaitishwi uchaguzi mdogo. Sheria ilifuatwa. Kilombero ilifiwa, na haikuulizwa kitu.

Hilo ndilo linaloniuma, maana Regia alikuwa ameomba kura. Mwaka 2010 aligombea Kilombero, wakati jimbo likiwa bado wilaya nzima, kuanzia mashamba ya miwa ya Kidatu hadi Mlimba na zaidi. Kutoka Kidatu kwenda Ifakara barabara ilikuwa sehemu kubwa ya vumbi, na huku bondeni wapiga kura wengi ni wakulima wa mpunga; mgombea hawezi kuwasubiri barabarani. Regia alitembea kwa mguu wa bandia. Abdul Mteketa wa CCM alimshinda, na Regia akaingia bungeni kwa orodha.

Wanaotaka viti maalum vifutwe husema mbunge wa viti hivyo hana mpiga kura wa kumwajibisha. Ni kweli. Hana hata Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Wazazi wakimwendea kuomba mabati ya darasa, atatoa mfukoni mwake au atawaelekeza kwa mwenye jimbo. Lakini Susan Kiwanga aliingia kwa mlango huohuo mwaka 2010, na 2015 akashinda Mlimba. Mwaka huohuo Peter Lijualikali aliichukua Kilombero kwa tiketi ya CHADEMA, na mimi siwezi kuueleza ushindi ule nikiiacha kando kampeni ya Regia.

Kwa hiyo visifutwe. Vipangwe upya: orodha ianze na wanawake waliogombea majimbo wakashindwa, wafuatane kwa asilimia ya kura walizopata, na mtu asikae humo zaidi ya vipindi viwili. Viongozi wa vyama watapinga, kwani leo kalamu ya kuandika majina hayo iko mikononi mwao. Na majina hayo si machache: mwaka 2010 viti hivyo vilikuwa 102.