Dhahabu ya mtoni: Kwao ni burudani, kwetu ni riziki

KAMA wewe ni mtu wa TikTok na YouTube, bila shaka umekutana na zile video. Mzungu amevaa gambuti, amepiga magoti kijitoni, anakwangua ufa wa mwamba kwa bisibisi kuukuu, kisha anazungusha karai mpaka chembe za manjano zinabaki chini. Kazi anayo, mshahara anao. Hiyo ni burudani yake ya wikendi.

Na si uongo. Dhahabu ina uzito wa mara 19 hivi ya maji, ilhali mchanga wa kawaida haufiki mara tatu. Mto unapofurika, maji husomba mchanga na kokoto, lakini dhahabu huzama, ikapenya katikati ya kokoto hadi igonge mwamba. Ikifika hapo haina pa kwenda. Hukwama kwenye nyufa, hasa zile zilizokingama mkondo, na upande wa ndani wa kona ambako kasi ya maji hupungua. Akina mama na vijana wanaochekecha mchanga wa mito ya Pokot Magharibi wanayajua haya bila kufunzwa na YouTube.

Sasa ongeza bei. Oktoba 2025, wakia moja, yaani gramu 31 hivi, ilipita dola 4,000. Piga hesabu: gramu moja ya dhahabu safi inazidi Sh16,000. Kwa kijana aliyemaliza chuo na bado anabangaiza, hesabu hiyo inatosha kumpandisha matatu ya kwenda Migori, Kakamega au Turkana.

Lakini kabla hujafunga begi, kuna mambo ambayo video hazikuambii.

Kwanza, sheria. New Zealand imetenga sehemu za mito ambako yeyote anaweza kutafuta dhahabu kwa vifaa vya mkono bila kibali. Katika jimbo la Victoria, Australia, unalipia kibali kimoja tu, kinadumu miaka 10. Kwetu, Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini yote ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa shambani kwa babu yako. Ukiingia mtoni na karai bila kibali, unavunja sheria. Kibali cha wachimbaji wadogo wa mikono kipo, kimetengewa Wakenya waliotimiza miaka 18, na hudumu hadi miaka mitatu kabla ya kuongezwa. Shida ni kwamba sheria kwenye karatasi ni kitu kimoja, na kibali mkononi ni kingine. Wengi wanaochimba leo hawana.

Asiye na kibali hana sauti, na hapo ndipo dalali anapoingia. Mizani ni yake, bei ni yake, na ukibisha atakuuliza utamshtaki wapi. Ile Sh16,000 unayoiota haifiki mfukoni mwako ikiwa nzima.

Pili, zebaki. Wachimbaji huitumia kunasa chembe ndogo za dhahabu, kisha huichoma, wakati mwingine jikoni kwenye sufuria. Mvuke wake hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Inayomwagika mtoni huishia kwenye samaki. Kenya imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, lakini mkataba haujafika kando ya mto. Yule Mzungu wa video? Anatumia maji na subira tu.

Tatu, mashimo. Dhahabu ya mtoni ikipungua, watu huifuata ardhini. Machi 2024 serikali ilifunga machimbo ya Hillo, Marsabit, baada ya mapigano yaliyoua watu. Mei mwaka huo huo shimo likaporomoka hapo hapo, wengine wakafa. Amri ya kufunga haikumzuia mwenye njaa kurudi.

Ndiyo maana naona kufunga machimbo na kukimbizana na vijana hakutatusaidia. Kaunti zenye dhahabu zishirikiane na Wizara ya Madini kutenga sehemu za mito kwa vifaa vya mkono pekee, marufuku zebaki, na kuwe na kituo cha ununuzi chenye mizani iliyokaguliwa na bei ya siku ikiwa imebandikwa ukutani. Si ndoto. Wenzetu wamefanya hivyo kwa watu wanaotafuta dhahabu kujifurahisha. Sisi tunashindwaje kwa watu wanaotafuta unga?

Wewe nawe, ukiamua kwenda, usiende peke yako. Jiungeni kikundi, ulizeni kibali katika ofisi ya madini ya kaunti, nunueni mizani yenu wenyewe. Na ukiona mtu anachoma zebaki, ondoka hapo. Mto utakuwepo kesho. Mapafu hayauzwi dukani.