Kipimajoto cha kujiundia kipimwe kwanza



Mwezi uliopita kijana wetu anayesomea ufundi Kampala alirudi na kipimajoto alichokiunda mwenyewe, kwa bodi ya Arduino na thamista. Majirani walifurahi, na mama mmoja alitaka watoto wake wote wapimwe palepale. Nilikiweka kwanza kwapani mwangu. Kilisema nyuzi 38.2. Themometa ya kliniki ilisema 37.1.

Kijana hakuzembea. Thamista ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake hupungua joto likipanda: ya kawaida ina omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na karibu omu 6,000 kwenye nyuzi 37. Bodi huilinganisha na rizista iliyo pembeni, kisha hupiga hesabu. Mafundi redio wanajua kwamba rizista yenye mstari wa dhahabu inaweza kukosea hadi asilimia 5. Kwenye joto la mwili, nyuzi moja tu hubadili thamista kwa asilimia 4 hivi! Basi rizista hiyo yatosha kumpa mzima homa au, ninaloliogopa zaidi, kuificha homa ya mgonjwa.

Tena alikirekebisha kwa maji yanayochemka, akihesabu nyuzi 100. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 96 hivi. Afadhali barafu iliyopondwa ndani ya maji safi: hiyo ni 0, Kampala au Mombasa.

Maoni yangu ni kwamba kifaa hiki kisaidie kulinda friji ya chanjo, pamoja na themometa iliyomo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, karibu na ile 0 ya barafu. Chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, na bodi yaweza kupiga king'ora usiku muuguzi akiwa amelala.

Kwa watoto, namba ya joto peke yake haitoshi. Brian Turyabagye na Olivia Koburongo wa Uganda walibuni koti la Mama-Ope kutambua nimonia, ambayo hudhaniwa kuwa malaria. Koti hilo hupima joto, lakini pia pumzi na sauti ya mapafu.

Mama, mtoto akiwa na joto au akihema haraka, mlete kliniki siku hiyohiyo, hata kifaa kikisema 36. Kijana naye atakuja Jumatatu na bodi yake. Barafu tunayo.