Jiko la wamama wa India: tuchukue nini, tuache nini

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya namna ya kukausha sambaza wakati wa mvua. Mtusamehe, sambaza watangoja. Kwenye mkutano wetu kulitokea jambo linaloomba jibu la haraka.

Mama mmoja wa kikundi chetu ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyasema haya, mradi jina lake lisiandikwe. Muuzaji mmoja wa kupita nyumba kwa nyumba alimuuzia kichupa cha vidonge vyenye rangi ya udongo. Alimwambia kwamba ni dawa ya Wahindi, ya majani matupu, ya tangu zamani za kale, na kwamba mwenye kuimeza hahitaji tena dawa za hospitali. Pamoja na kichupa alimwachia karatasi ya miiko: asile mayai, asile samaki, asile nyama, asile maharagwe. Mama akatii. Aliacha vidonge vyake vya kila siku, akawa anakula uji na ndizi. Baada ya majuma matatu watoto wake walimkuta asubuhi kitandani, anapumua kwa nguvu, akiitwa haitiki. Tunamshukuru Mungu, alifikishwa hospitali mapema, na leo anakaa tena nasi kwenye benchi.

Alipomaliza kutusimulia, mkutano uligawanyika. Wengine walisema mambo ya Wahindi ni udanganyifu mtupu, tusiyaguse. Lakini dada mmoja aliyempeleka mume wake kupasuliwa kule India alisimama akasema: «Mimi nilikula chakula chao miezi miwili. Tumbo langu halijapata kuwa jepesi namna ile.» Tulirudi nyumbani na maneno hayo yote mawili kichwani, tukasoma, tukauliza. Sisi tunaona kwamba kila upande ulisema nusu ya kweli. Kuna chungu na kuna kichupa, na ni vitu viwili mbalimbali.

Elimu yenyewe inaitwa Ayurveda. Ni maneno mawili ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India: ayus ni maisha, veda ni ujuzi. Vitabu vyake vikubwa, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vina umri wa karibu miaka 2000. Wala si elimu ya wachuuzi. Huko India mganga wa Ayurveda anasoma chuoni miaka mitano na nusu pamoja na mazoezi, na tangu mwaka 2014 serikali ina wizara nzima ya tiba za jadi. Vitabu hivyo vinasema mwili unaongozwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kila mtu ana kipimo chake cha hizo tatu. Hapo tunawaachia wenyewe. Sayansi ya leo haijazikuta nguvu hizo mwilini, na mama anaweza kupika vizuri bila kujua yeye ni wa aina gani.

Kinachotugusa sisi ni neno lingine: agni, yaani moto. Wanasema tumboni mna moto unaopika chakula mara ya pili. Mama aliyewasha mbabula asubuhi ya mvua ataelewa mara moja. Ukijaza makala mengi mno juu ya cheche ndogo, moto unazimika. Ukiweka kuni mbichi, nyumba inajaa moshi. Ukingoja mno bila kuongeza kitu, unakuta majivu. Basi, kwa maneno yao, ndivyo lilivyo tumbo: usilijaze, usilitwike kizito juu ya kizito, usililaze na njaa. Kitabu cha Charaka kinaagiza kula chakula cha moto, chenye mafuta kiasi, kwa kipimo, baada ya kile cha kwanza kushuka, mahali pazuri, bila haraka na bila kuchelewa mno. Mwalimu mwingine wa elimu hiyo, Vagbhata, aligawa tumbo mafungu manne: mawili ya chakula, moja la kinywaji, moja liachwe wazi.

Charaka anaagiza pia mtu ale bila kuzungumza wala kucheka. Hapo tulicheka sisi. Ni nyumba gani ya Kongo itakula kimya? Lakini mwalimu anayewaona watoto wakimeza mkate mlangoni, mfuko wa daftari tayari mgongoni, anajua agizo hilo lilitokea wapi.

Kuhusu chakula cha moto na kipya, sikilizeni vizuri, maana hapa mzee Charaka na wauguzi wetu wanakutana. Mchele uliopikwa jioni ukalala kwenye sufuria nje ya baridi unaweza kuzaa vijidudu vinavyotoa sumu ya kutapisha, na kuupasha moto asubuhi hakuondoi sumu hiyo. Kwetu umeme unakatika, na nyumba nyingi hazina friji. Afadhali kupika kidogo kikaisha.

Charaka anataja pia mambo manane ya kuangalia katika chakula: asili yake, namna kilivyotengenezwa, kimechanganywa na nini, kipimo, mahali, wakati, kanuni za kula, na mwenye kula mwenyewe. Hilo la pili lilitusimamisha kidogo. Maana yake, chakula kilekile kinaweza kuwa chakula au sumu kwa mikono ya mpishi. Mama wa Kongo anayeloweka muhogo mchungu siku tatu, kisha anauanika, anajua hilo bila kusoma Kisanskriti. Upande wa Kwango, ambako nyakati za shida watu walifupisha siku za kuloweka, ugonjwa wa konzo umewapooza miguu wanawake na watoto. Na sombe letu tunalitwanga na kulichemsha muda mrefu kwa sababu hiyohiyo. Bibi zetu walikuwa na Charaka wao, ila hawakumwandika.

Tuingie sasa jikoni. Chakula ambacho mama wa India anampikia mgonjwa, mzee, mtoto anayeanza kula na mtu aliyetoka kwenye homa kinaitwa kichidi. Ni mchele na choroko, yale maharagwe madogo ya kijani, yaliyopasuliwa na kuambuliwa ganda, vikapikwa pamoja mpaka vikalainika kama uji mzito. Mahali penye duka za Wahindi utayapata. Yakikosekana, tumia njegere kavu zilizopasuliwa. Maharagwe yetu ya kawaida pia yanafaa, lakini uyachemshe kwanza peke yake mpaka yaive kabisa.

Chukua kikombe kimoja cha mchele na kikombe kimoja cha choroko. Osha mpaka maji yawe safi, loweka nusu saa, mwaga maji. Weka vikombe sita vya maji, nusu kijiko kidogo cha manjano, kipande cha tangawizi kilichopondwa, na chumvi kidogo. Chemsha, kisha punguza makala na uache vipikike polepole kwa dakika thelathini au arobaini, ukikoroga mara kwa mara ili visishike chini. Pembeni, kwenye kikaango, pasha vijiko viwili vya mafuta na utie kijiko kidogo cha bizari nyembamba. Bizari ikilia na kunukia, mimina yote juu ya sufuria na ufunike hapohapo. Mlio huo na harufu hiyo ndio moyo wa upishi wao. Ukitupa bizari ndani ya maji baridi tangu mwanzo, hutapata ladha ileile. Mwishoni sisi tunatia mafungu mawili ya lengalenga iliyokatwa, na ndimu mezani.

Mafuta yao ni samli, yaani siagi iliyoyeyushwa ikachujwa. Ni nzuri, lakini bei yake inaumiza, na hakuna sababu ya kukopa ili kuinunua. Mawese yetu mekundu yana kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Tieni mawese, ila msiyachome mpaka yakawa meupe, maana hapo kile chekundu mnachokitafuta kimekwisha kuungua.

Kwa nini mchele na choroko pamoja? Mchele umepungukiwa na kijenzi kimoja cha mwili ambacho maharagwe yanacho kwa wingi, na maharagwe yamepungukiwa na kingine ambacho mchele unacho. Vikikutana sahanini vinasaidiana. Ndiyo sababu bugali bwa mahindi na maharagwe ni ndoa nzuri, na bugali bwa muhogo mtupu na mchuzi wa nyanya ni mtoto kushiba bila kukua.

Wanasema pia kwamba sahani nzuri iwe na ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, na ile ya ukakasi inayokaza ulimi kama pera bichi. Jaribuni kuhesabu kwenye sahani yenu ya siku ya Mungu. Bugali ni tamu kwa hesabu yao, ndimu ni chachu, pilipili ni kali, mboga za majani zina uchungu wake, maharagwe yana ukakasi, chumvi ipo. Mtakuta mnazo zote. Mwenye sahani ya ladha mbili tu, kwa kawaida ni yule ambaye pesa imekwisha, na huyo tusimhubirie ladha, tumpelekee kikombe cha maharagwe.

Turudi kwenye karatasi ya miiko. Hapa sisi hatutasema kwa sauti ndogo. Ayurveda ina makatazo yake, kama kutochanganya samaki na maziwa. Ukiyafuata, hutaumia, kwa kuwa samaki utamla leo na maziwa utayanywa kesho. Lakini kumkataza mgonjwa mayai, samaki, nyama na maharagwe yote kwa mara moja hakukutoka kwenye kitabu cha Charaka. Ni kweli wahindu wengi hawali nyama kwa ajili ya dini yao, na tunawaheshimu. Lakini kitabu chenyewe kinaorodhesha nyama za aina nyingi, na kinamwandikia mtu aliyekonda mchuzi wa nyama. Muuzaji hakukisoma.

Na sisi wamama wa huku tunaijua miiko ya chakula kuliko wengi. Bibi zetu wengi walikatazwa mayai na nyama ya kuku, eti si vya wanawake, nao walikuwa na mimba au wananyonyesha. Kuku ilikuwa ya bwana na wageni. Tumehangaika miaka mingi kuondoa miiko hiyo, tumewaona watoto wa bwaki wamevimba miguu na nywele zimegeuka rangi, halafu tukubali miiko mipya kwa sababu imetoka mbali? Mtoto wa miezi sita na zaidi apewe yai, apewe sambaza waliosagwa ndani ya uji, apewe maharagwe yaliyopondwa, huku ananyonya. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Na kwa kuwa kuna desturi ya India ya kumlambisha mtoto mchanga asali na samli, tunaonya: asali asipewe mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hata akashindwa kupumua.

Kichupa sasa. Mwaka 2004 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha uchunguzi wao: walinunua madukani dawa 70 za Ayurveda zilizotoka Asia ya Kusini, wakazipima. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Liko hata tawi la elimu hiyo ambalo linachanganya madini kwenye dawa kwa makusudi, likiamini kuyachoma sana kunaondoa ubaya wake. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, hata yule aliye bado tumboni. Hatusemi kwamba kila kichupa ni sumu. Tunasema kwamba kwa macho huwezi kujua, na muuzaji wa mlangoni kesho hayupo. Hata manjano ya unga yana neno: huko Bangladesh wafanyabiashara walikutwa wanayatia rangi yenye risasi ili yang'ae. Mkipata mzizi mzima, nunueni huo, mkaushe na mtwange wenyewe.

Kwa wenye ugonjwa wa sukari au tansio: kichidi hakichukui nafasi ya kidonge. Mwenye sukari apunguze mchele, aongeze choroko na lengalenga, ale kipimo chake. Na kama mnakunywa majani yoyote, ya India au ya bibi, mwambieni muuguzi siku ya kupimwa. Tunajua mnaogopa kugombezwa. Mwambieni hata hivyo, maana mengine yanashusha sukari juu ya dawa inayoishusha, na mtu anaanguka njiani.

Siku ya posho hii, saa nne asubuhi, tunapika kichidi sufuria mbili kwenye uwanja wa kikundi. Choroko tumekwisha kununua kwa pesa ya likelemba. Kila mama alete kikombe cha mchele, sahani na kijiko, na wenye mbabula kubwa watuambie mapema. Yule mama wa kichupa amesema yeye ndiye atakayeshika mwiko.