Maji ya ziwa ni yetu, bidoni ni ya nani?



Tangu sheria ya maji ya tarehe 31/12/2015, watu binafsi wana ruhusa ya kuendesha kazi ya maji inchini. Wanatuambiaka: serikali haina pesa, muache wenye pesa waje, bomba zitafika. Sisi hatukatai mtu kuleta bomba. Tunauliza nani atalipa, na nani atabakia inje ya mustari.

Juu maskini wa Goma, maji yao ilishauzishwa zamani. Tufanye hesabu. Mita kibe moja ni bidoni 50 za litre 20. Tuseme bidoni ni franka 100: mama wa Ndosho analipa franka 5000 kwa mita kibe moja, mbele ya kuhesabu hata pesa ya mwenye chukudu. Sasa uliza mwenye konteri nyumbani analipa ngapi kwa mita kibe ile ile.

Goma iko juu ya mawe ya volkano, si rahisi uchimbe kisima ndani ya kiwanja yako. Ziwa Kivu iko chini, maji inapanda na pompe. Kwa hiyo mwenye pompe njo mwenye muji. Sokoni, tomati ikiwa bei kali unaenda kwa muuzishaji mwengine. Kwa maji utaenda wapi? Mutoto anashuka ziwani na bidoni, saa ya masomo inapita, na kolera inaweza kupanda naye mpaka nyumbani. (Sisi wenye diplome bila kazi tuko na wakati ya kupiga mustari. Yeye hana.)

Dar es Salaam walijaribu. Mwaka 2003 maji ya muji ilipewa kampuni City Water kwa mkataba wa miaka 10. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania ikauvunja, wakaenda kushtakiana mbele ya waamuzi wa kimataifa. Kumbe mkataba mbaya unaweza kuvunjwa, lakini ni mateso. Afazali kuusoma mbele ya kusaini.

Katiba yetu, kipengele 48, inahakikisha haki ya maji safi. Haikuandika «kwa mwenye pesa». Basi kila mkataba wa maji wenye kusainiwa kwa jina letu ubandikwe kwenye mlango wa komini, Kifaransa na Kiswahili, bei ya bidoni ikiwa ndani, pamoja na tarehe bomba itafika kartiye za juu. Na bei ikitaka kupanda, wakaaji waitwe mbele, si nyuma.