Programu za ushirika zikaguliwe kama mizani

MIZANI ya kununulia mazao ya mkulima hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri. Lakini katika vyama vya msingi vinavyotumia kompyuta, kilo zikishapimwa huingizwa kwenye programu, nayo ndiyo inayokokotoa malipo ya kila mwanachama. Programu hiyo haipigwi muhuri na mtu.

Kompyuta inaweza kuhifadhi 50 kama namba au kama maandishi. Kwa macho ya karani hakuna tofauti. Katika JavaScript, lugha inayotumika sana kutengenezea programu za intaneti, 50 na 5 zilizoingia kama maandishi zikijumlishwa hazitoi 55 bali 505, na programu haigomi. Kwa bei ya mfano ya Sh2,000 kwa kilo, mwanachama anayestahili Sh110,000 ataandikiwa Sh1,010,000. Pengo la Sh900,000 litazibwa na wenzake.

Kinga ipo. Lugha kama Java humtaka mtengenezaji aeleze mapema kila kitu ni cha aina gani: namba, maandishi au tarehe. Mwaka 2012 kampuni ya Microsoft ilitoa TypeScript, inayoongeza ukaguzi huo juu ya JavaScript. Aina zikichanganywa, kosa hukamatwa mezani kwa fundi, kabla programu haijafika kwenye ghala.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2017 watafiti Zheng Gao, Christian Bird na Earl Barr walichunguza makosa 400 yaliyokwishapita mikononi mwa mafundi wa JavaScript na kusahihishwa baadaye. Waligundua kuwa ukaguzi wa aina ungekamata asilimia 15 ya makosa hayo. Si haba, lakini asilimia 85 yangepita.

Wapo mafundi wanaosema kazi hiyo inawachelewesha, na hawasemi ovyo. Katika jaribio la watu 49 lililotangazwa mwaka 2010, Stefan Hanenberg wa Ujerumani hakuona kwamba ukaguzi huo uliharakisha kazi. Hata hivyo, utafiti aliofanya na wenzake, uliotoka mwaka 2014, ulionyesha kuwa unasaidia pale fundi anaporekebisha programu isiyo na maelezo. Hilo ndilo linalogusa ushirika: fundi wa kwanza akishaondoka, anayekuja baadaye hukuta kazi asiyoijua.

Hata hivyo, namba iliyo sahihi kwa aina inaweza kuwa na maana potofu. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza Mars Climate Orbiter, chombo cha anga cha dola milioni 125, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama za metriki. Zote zilikuwa namba halali. Vivyo hivyo, programu iliyoandikiwa bei ya mwaka jana italipa bei ya mwaka jana bila kosa lolote la aina.

Kwa hiyo bodi za vyama, na wafanyabiashara wadogo wanaoagiza programu za stoo, zisiridhike na kioo chenye rangi nzuri. Kabla ya kulipa, ziulize mambo matatu: programu inakagua aina za data kabla ya kuanza kazi? Vipimo, yaani kilo, gunia au tani, vimetenganishwa? Na je, imejaribiwa kwa daftari la msimu uliopita, ambalo majibu yake yanajulikana?

Fundi akidai siku chache zaidi kwa ajili ya ukaguzi huo, apewe. Siku hizo zina gharama, lakini ni gharama inayojulikana mapema. Malipo yaliyokosewa hugundulika wakati fedha imekwishagawanywa, na kumdai mwanachama arudishe alicholipwa kwa makosa ni kazi ambayo hakuna katibu anayeitamani.